Banio la Mwalimu Bortolo

Shemeji yangu Nives alipoteza sauti akiwa na miaka hamsini na minane. Walimpasua shingo kumtoa tezi, na alipozinduka, ile sauti iliyokuwa ikisikika mpaka ghorofa ya pili ya shule haikurudi. Ilibaki sauti ya kunong'ona, kama ya mtu anayekuuliza jambo kanisani wakati wa misa. Daktari alimwambia avute subira. Alivuta subira mwaka mzima, kisha akaandika barua ya kuacha kazi, maana huwezi kuwafundisha Kilatini watoto thelathini wasiokipenda huku unanong'ona.

Mimi naitwa Alfeo Pittino. Nina kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Tarcento, nilichoachiwa na baba yangu. Tunachapa kadi za harusi, kalenda za parokia, matangazo ya misiba, na lebo za chupa za wenye mizabibu. Nives ni dada mkubwa wa mke wangu, Dorina. Alipoacha kazi alianza kuja kiwandani kila asubuhi. Alikaa karibu na dirisha na kalamu nyekundu, akasahihisha chochote kilichopita mbele yake.

"Shemeji," aliniambia siku moja, akiinua tangazo la msiba nililokuwa karibu kulichapa, "huyu marehemu wako amefariki tarehe thelathini na moja Juni."

"Kwani vipi?"

"Juni ina siku thelathini. Muache mzee wa watu afe siku iliyopo."

Ndivyo alivyokuwa. Sauti ilikwenda, ulimi ukabaki.

Ermes Toffolutti alitukuta hivyo, mwezi wa Februari, alipokuja kuagiza mabango. Ermes ni mtu wa miraba minne, mwajiriwa wa ofisi ya mifereji. Kazi yake ni kufungua na kufunga malango ya maji, kutoa majani na magogo, na kugombana na wakulima kila kiangazi. Lakini Jumanne na Ijumaa jioni anafundisha watu kupigana kwa upanga wa mikono miwili katika ukumbi wa shule ya msingi. Siku hizo wanafunzi wake walikuwa kumi na wanne, wengi wao watu wazima wenye kazi zao. Walijifunza kutoka kwenye mswada wa Mwalimu Bortolo.

Huyu Bortolo alikuwa mwalimu wa upanga miaka mia sita iliyopita. Alizaliwa kwenye kinu cha kusagia nafaka kando ya mto wetu, Torre, akazunguka miji mingi akifundisha wana wa mabwana, na uzeeni akaandika kitabu. Ni kurasa sitini na mbili za ngozi, kila ukurasa una picha ya watu wawili wanapigana na beti ya mistari miwili chini yake. Mswada wenyewe uko kwa Bi Leopolda Frangimonte, kilimani Nimis, katika nyumba ambayo ukoo wake haujaihama tangu wakati huo. Zamani, kabla Ermes hajazaliwa, profesa mmoja aliruhusiwa kuupiga picha. Akayasoma maandishi kwenye picha zake, akayachapa herufi kwa herufi katika jarida la wasomi pamoja na picha hizo, basi. Hakufasiri hata mstari mmoja. Na lugha ya Bortolo si Kiitaliano cha leo. Ni Kivenezia cha zamani kilichochanganywa na maneno ya nyumbani kwao, yaani kwetu.

Ermes alikuwa na nakala ya jarida lile, imechakaa kama noti ya sokoni. Alipomwona Nives na kalamu yake nyekundu, akamsogezea.

"Samahani, mwalimu. Hapa anasema nini? Sisi tunakisia tu."

Nives alisoma mistari miwili. Akasoma minne. Akavua miwani.

"Mmekuwa mkikisia kwa muda gani?"

"Miaka saba."

"Na hakuna aliyekufa?"

"Bado, mwalimu."

"Mungu anawapenda wajinga," akanong'ona, na akaivuta nakala upande wake wa meza. Hakuirudisha.

Kazi ilianza hivyo. Nives alifasiri kwa Kiitaliano ambacho mfamasia na fundi bomba wangeweza kukielewa, Ermes akaujaribu kila ubeti ukumbini, nami nikaahidi kwamba siku ukikamilika nitauchapa, picha kwa picha, kitabu kizuri cha mtu kuweka nyumbani kwake. Ilituchukua miaka miwili.

Sikujua kwamba watu wanaweza kugombania neno moja namna ile. Nives aliandika kwa mfano, "msukume kiwiko." Kesho yake Ermes anakuja na mkono umefungwa bandeji.

"Mwalimu, ukimsukuma kiwiko anakupiga kichwani. Nimepigwa mara nne."

"Imeandikwa msukume."

"Kwa mkono gani?"

Nives anainama tena kwenye karatasi. "Hakusema."

"Basi na wewe usiseme 'msukume' kama kwamba ni mlango wa benki. Hapa kwenye picha vidole vimekunjwa. Anamshika."

"Kunja vidole hivyo nikuone."

Hapo wanasimama wote wawili katikati ya kiwanda changu, kati ya mtambo na marundo ya karatasi, mwanamke wa miaka sitini na jitu la ofisi ya mifereji, wameshikana viwiko. Siku moja paroko aliingia kuchukua kalenda zake akawakuta hivyo. Akasema atarudi baadaye.

Dorina alikuwa akiniambia nyumbani, "Dada anakula vizuri siku hizi. Umeona?" Nilikuwa nimeona. Alikuwa amerudia kupaka rangi ya midomo pia, lakini hilo sikulisema, kwa sababu lingemfikia, na ningekoma.

Sehemu iliyowasumbua kuliko zote ilikuwa ukurasa wa ishirini na sita. Hapo Bortolo anafundisha kujikinga na pigo zito litokalo juu, na anasema kwamba huo ndio msingi wa kazi yake yote. Baada ya hapo kuna kurasa kumi na moja ambazo kila mara anasema tu, "fanya kama nilivyosema pale." Ukikosea pale, umekosea kote. Kwenye jarida la profesa neno lenyewe lilikuwa *rota*, yaani gurudumu. Profesa alikuwa ameongeza maelezo kwamba Bortolo ni mtoto wa kinu, kwa hiyo ana maana ya gurudumu la kinu. Ikaingia akilini. Nives akafasiri:

*Zungusha upanga wako, mithili ya gurudumu;*
*pigo lije kwa kishindo, halitakupata humu.*

"Humu wapi?" Ermes aliuliza.

"Humu popote. Nilitaka kina."

"Na mbona kwenye picha upanga umeelekea chini, umetulia? Hauzunguki."

"Pengine ndio anaanza kuzungusha. Ermes, mimi sijui panga, najua herufi. Herufi zinasema gurudumu."

Ermes akakubali, maana alikuwa ameshazungusha gurudumu lile miaka saba na hakutaka kuamini kwamba alizungusha bure. Nikachapa. Mwezi wa Septemba karatasi zote zilikuwa tayari, zimepangwa kwa vikunjo vya kurasa kumi na sita, zikisubiri kushonwa na kutiwa jalada.

Jumapili moja klabu ya Ermes ilialikwa kuonyesha mchezo kwenye sikukuu ya mavuno ya zabibu. Zaira Cescutti, mfamasia wetu, ndiye aliyekuwa mwanafunzi mwepesi kuliko wote. Alisimama uwanjani na kijana mmoja kutoka klabu ya Gemona, aliyekuwa na nguvu na haya kidogo. Kijana akashusha pigo kutoka juu kama walivyopatana. Zaira akazungusha gurudumu. Upanga wake ulikuwa bado uko nyuma ya bega lake pigo lilipofika.

Panga zile hazina makali, lakini ni chuma kilo moja na nusu. Mfupa wake wa mtulinga ulivunjika. Nilikuwa nimesimama mbali, karibu na meza ya jibini, na bado nilisikia.

Zaira mwenyewe hakulalamika. Pale chini, uso umemtoka rangi, alimwambia yule kijana, "Usilie, wewe. Ni mimi niliyechelewa." Ermes alipanda naye kwenye gari la wagonjwa. Nives alibaki amesimama uwanjani, mkono mdomoni. Nilimshika bega.

"Ni ajali, shemeji."

"Hakuchelewa," akanong'ona. "Nimemtazama. Alifanya kama nilivyoandika, na alikuwa mwepesi. Hakuna mtu duniani anayeweza kuwahi. Bortolo aliishi mpaka uzee, Alfeo. Mtu anayefanya hivi hafiki uzeeni."

Kesho yake asubuhi alikuja kiwandani kabla sijavua koti. Akauliza, "Karatasi zimeshashonwa?"

"Alhamisi."

"Usizishone."

Alikuwa ameshamwandikia Bi Leopolda mara mbili, mwaka wa kwanza na mwaka wa pili, akiomba kuuona mswada wenyewe badala ya picha. Mara zote mbili jibu lilikuja kwa mstari mmoja: hapana, ahsante. Watu walisema yule profesa alikaa na mswada mwaka mzima, akaurudisha na duara la kikombe cha kahawa kwenye jalada, na tangu siku hiyo Bi Leopolda hakumfungulia msomi yeyote. Safari hii Nives hakuandika barua. Alituambia, mimi na Ermes, tumpeleke.

Bi Leopolda alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa na miaka themanini na tisa, mdogo, ameshikilia mkasi wa kukatia maua, na alikuwa hasikii vizuri hata ukimwambia karibu. Nives akaanza kujieleza.

"Nini?" alisema Bi Leopolda.

Nives akarudia, mishipa ya shingo imemtoka.

"Huyu anasemaje? Mbona anachezesha mdomo tu?"

"Hana sauti, bibi!" Ermes alipiga kelele. "Amepasuliwa!"

"Na mimi sina masikio. Tutaelewana vizuri sana." Akaanza kufunga mlango.

Nives akatoa kalamu nyekundu na karatasi kwenye mkoba, akaandika akiwa amesimama, akaibandika kwenye kioo cha mlango. Bi Leopolda akasoma kupitia kioo. Mimi niliisoma baadaye. Ilisema: *Nilifasiri vibaya kitabu chenu na mtu ameumia. Nataka kujua nilikosea wapi.*

Mlango ukafunguka.

"Yule wa kahawa," alisema Bi Leopolda, "miaka hamsini nimesubiri aniambie kwamba amekosea kitu, hata kitu kimoja. Aliniambia duara lile lilikuwepo tangu zamani. Ingieni. Mnawe mikono. Jikoni, si sebuleni, sebuleni hakuna mwanga."

Tukanawa mikono watatu kwenye sinki moja kama watoto. Akauleta mswada umefungwa kwenye taulo. Sikutegemea uwe mdogo vile. Ulikuwa mkubwa kidogo tu kuliko kitabu cha sala. Rangi nyekundu kwenye nguo za wapiganaji ilikuwa bado inang'aa. Nives alifungua kurasa kwa ncha za vidole mpaka ya ishirini na sita. Akainamia ubeti, pua karibu kugusa ngozi.

Ngozi ilikuwa na mkunjo unaopita katikati ya mstari wa kwanza, mkunjo wa zamani, mkavu. Kwenye picha za profesa ulionekana kama kivuli tu. Nives alimtazama Bi Leopolda kuomba ruhusa, kisha akauweka ukurasa kwenye mwanga wa dirisha na kuunyoosha mkunjo kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayenyoosha kope la mtoto aliyelala. Ndani ya mkunjo kulikuwa na herufi moja. Ile s ndefu ya zamani, nyembamba kama uzi.

Akanong'ona kitu. Hatukusikia.

"Nini?" tulisema wote watatu, na Bi Leopolda ndiye aliyesema kwa nguvu zaidi.

Akaandika kwenye karatasi, herufi kubwa: ROSTA. Akaongeza chini yake: *Si rota. Lakini sijui rosta ni nini. Kamusi zangu hazina.*

Ermes aliitazama karatasi ile. Akaanza kucheka, kisha akaacha, kisha akakaa kwenye kiti cha jikoni kikalia.

"Mwalimu," alisema, "mimi jana asubuhi nilikuwa kwenye rosta mpaka magotini. Ni banio! Banio la mto! Babu yangu hakuliita jina lingine. Unapiga vigingi mtoni, unasuka matawi, unajaza mawe, maji yanaingia kwenye mfereji wa kinu." Akajipiga paji la uso. "Mtoto wa kinu! Angesema nini kingine? Miaka tisa nazungusha gurudumu kama mwendawazimu, na nalipwa mshahara kwa kutengeneza mabanio!"

"Banio linazuia maji," Nives akanong'ona. "Kwa hiyo anazuia pigo. Anasimama imara?"

"La! Hapana, hapana. Ukijenga banio kuukata mto moja kwa moja, mafuriko ya kwanza yanalibeba. Banio unalilaza mshazari." Akachukua kisu cha mkate mezani na kukilaza kwa upande. "Hivi. Halibishani na maji. Maji yanakuja na hasira zao, yanaligusa, yanateleza, yanakwenda unakotaka wewe. Tazama picha, mwalimu. Tazama upanga wake!"

Tuliinama wote. Yule mtu mwenye soksi nyekundu alikuwa ameinua mikono juu ya kichwa, ncha ya upanga imeelekea chini kando, mshazari, umetulia. Alikuwa pale miaka mia sita akituonyesha, na sisi tukasema ndio kwanza anaanza kuzungusha.

Bi Leopolda alikuwa ameelewa nusu, lakini ilimtosha. "Nionyesheni," alisema. "Uani kuna fagio."

Ermes akachukua ufagio mmoja akanipa mimi mwingine. Nives akaninyang'anya.

"Shemeji, una miaka sitini na moja," nilisema.

"Na ndiye nitakayeandika neno. Sogea."

Akasimama kwenye mawe ya uani, koti lake la kwendea kanisani bado amelivaa, akainua mpini wa ufagio juu ya kichwa na kuulaza kama kwenye picha. Ermes akaja polepole, akashusha mpini wake kutoka juu. Mti ukagongana na mti, ukateleza, ukaishia chini karibu na mguu wa Nives bila kumgusa.

"Tena," akasema. "Kwa nguvu kidogo."

"Mwalimu..."

"Tena, Ermes."

Safari hii alipiga kweli, si kwa nguvu zake zote, lakini kwa nguvu ambazo mimi nisingependa zinijie. Nives hakurudi nyuma. Pigo liligusa mpini wake, likakimbia kandoni kama kitu kilichojikwaa, na Ermes, kwa uzito wake mwenyewe, akapita nalo mpaka akaukumbatia ukuta. Na mpini wa Nives ulikuwa tayari uko juu, huru, juu ya kisogo cha Ermes. Hakuupeleka yeye, pigo lenyewe lilikuwa limeuzungusha.

Bi Leopolda alipiga makofi kwa mkasi mkononi. "Mmalize!" alisema. "Mmalize huyo!"

Nives hakummaliza. Alikuwa amesimama akitazama mikono yake. Macho yalikuwa yamemjaa machozi na alikuwa akicheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. Mwaka ule wote wa kusubiri sauti, na miaka iliyofuata, sikuwahi kumwona akilia. Sikujua nifanye nini, nikauokota ufagio wa Ermes.

Tulikula hapo hapo jikoni, polenta, yaani ugali wetu wa mahindi, na jibini la kukaanga, na divai tamu ya mlimani ambayo Bi Leopolda alisema hawapi wageni. Nives alifasiri upya ubeti ule kati ya sahani na sahani, na alipomaliza akamsogezea Ermes kwanza, ndipo akanipa mimi.

*Sipingi maji ya mto, huyapitisha pembeni;*
*pigo lako lije zito, litakwenda zake chini.*

"Hakuna 'humu'," Ermes alisema.

"Nyamaza ule."

Kikunjo chote chenye ukurasa wa ishirini na sita nilikichapa upya, na kile kilichofuata, na nusu ya maelezo ya mwisho. Karatasi za zamani nilizipeleka kwa mtengeneza jibini azifungie. Lakini kabla sijawasha mtambo tulibishana juu ya jambo moja. Ermes alitaka utangulizi useme wazi kwamba profesa alikosea, kwamba kwa sababu ya uvivu wa mtu mmoja mfamasia wetu amekaa wiki sita mkono umefungwa kifuani.

"Yeye amekufa, hawezi kujibu," Nives alisema. "Na mimi nilifanya kosa lile lile. Wewe mwenyewe uliniuliza mbona upanga umetulia, nikakujibu kwa ujuaji. Picha ilikuwa mbele yangu. Mtu akinichapia kosa langu kitabuni nikiwa kaburini, nitamtokea usiku."

"Basi hatusemi?"

"Tunasema. Namna ya kusema ndiyo kazi."

Aliandika hivi, nami nilizipanga herufi kwa mkono wangu: *Msomaji wa kwanza wa mswada huu alifanya kazi kwa picha, na picha haina mkunjo unaoweza kufunguliwa. Bila yeye tusingekuwa na pa kuanzia. Neno la ukurasa wa ishirini na sita lilisomwa na mwalimu wa shule aliyeruhusiwa kuligusa, likafahamika kwa mfanyakazi wa mifereji aliyekuwa akilijua siku zote.* Ermes alisoma, akasafisha koo, akasema vumbi la karatasi kiwandani kwangu limezidi.

Kitabu tulikizindua mwezi wa Aprili katika bohari la ofisi ya mifereji, kwa sababu ukumbi wa manispaa ulikuwa na mashindano ya karata na ofisi yake Ermes ilijitolea. Nilitegemea watu arobaini. Walikuja zaidi ya mia mbili, wengine kutoka Trieste na ng'ambo ya mpaka, Slovenia, wakiwa na panga zao kwenye mifuko mirefu. Wakulima waliogombana na Ermes kila kiangazi walikaa mstari wa nyuma, na mmoja aliuliza kama Bortolo ameandika lolote kuhusu zamu za maji. Zaira alipanda jukwaani. Mtulinga wake ulikuwa umeunga, ingawa Dorina alikataa kutazama. Yule kijana wa Gemona ndiye aliyesimama mbele yake tena. Zaira alimwomba mwenyewe, kwa simu, na alimwambia asipopiga kwa nguvu atampiga yeye.

Kijana akashusha. Zaira akalaza upanga. Chuma kililia, kikateleza, na kijana akajikuta anatazama sakafu huku upanga wa Zaira umetua kwenye kola yake, laini kama mkono wa fundi cherehani. Bohari lilipasuka kwa makofi. Nives, aliyekaa karibu nami na kitabu magotini, alikuwa amenikamata mkono kwa nguvu hata siku mbili baadaye alama za kucha zilikuwa bado zipo.

Nakala mia tano ziliisha kabla ya Agosti, nikachapa nyingine. Barua zilianza kuja. Mwanamke mmoja wa Bari aliandika kwamba mumewe, aliyekuwa hasomi kitu ila magazeti ya mpira, sasa anasoma beti za Bortolo mezani na uma mkononi. Mwalimu wa shule ya Ferrara aliuliza kuhusu neno la ukurasa wa arobaini, akadhani limesomwa vibaya. Nives akalichunguza siku tatu. Lilikuwa limesomwa vibaya. Akamjibu kwa barua ndefu ya furaha, na siku ile alituimbia kiwandani bila sauti, midomo tu.

Vuli ile Bi Leopolda aliamua kuupeleka mswada kwenye maktaba ya Udine, uwekwe mahali ambapo yeyote mwenye mikono safi anaweza kuuomba. Alikataa gari. Alisema tangu ujana wake alikwenda Udine kwa treni, na Bortolo naye ataipenda. Tulimsindikiza watatu. Aliubeba mapajani ndani ya boksi la keki lililofungwa kwa utepe, na mama mmoja aliyekaa mbele yetu akamuuliza ni keki ya nani. "Ya watu wote," alijibu Bi Leopolda, kwa sauti ambayo behewa zima liliisikia.

Wakati wa kurudi alisinzia, kichwa begani kwa Ermes, naye Ermes hakuthubutu kukohoa. Nives alikuwa ametoa daftari jipya. Kurasa kumi za mwisho za mswada tulikuwa tumeziacha nje ya kitabu, kwa sababu humo watu wanapigana wakiwa juu ya farasi, na hatukuwa na namna ya kujaribu.

"Ermes," akanong'ona. "Umewahi kupanda farasi?"

"Mimi? Nina kilo mia na kumi, mwalimu. Muulize farasi."

"Nimeshamuuliza. Yule wa binamu yake Zaira, pale Artegna. Anasema Jumamosi saa tatu."

Ermes alifumba macho. Treni ilikuwa inavuka daraja la Torre, maji machache, mawe meupe mengi. Nives alikuwa ameshainama kwenye mstari wa kwanza, akitafuta kitenzi.